Chuma cha Kantete

Kijiji cha Kantete,
14 Agosti, 1980

Mpendwa Mama Suma,

Nakusalimu wewe, Baba Suma na watoto wote hapo Chanji. Sisi tu wazima, ila upepo wa mwaka huu unapasua midomo, mtu akicheka anatoka damu. Zenon amekua. Ukimwona hutaamini ndiye yule tuliyemlaza ubavuni pa Suma wako kule wodini, kitanda kimoja kwa wazazi wawili na vichanga wawili. Mpaka leo nikisikia mtu anasema Wanyakyusa wana maringo, namjibu kuwa nimelala na Mnyakyusa mgongo kwa mgongo, na mvuta blanketi nilikuwa mimi.

Sasa sikia habari zetu. Flavian, Baba Zenon, amerudia kazi ya marehemu baba yake. Yeye na wenzake wamejenga kibanda, wakawasha mkaa, wakaunda kikundi. Tunaitwa Wahunzi wa Kantete, na halmashauri ya kijiji imetuandikisha. Mimi ndiye muuzaji. Hakuna aliyenichagua. Nilisimama mkutanoni nikasema, "Muuzaji ni mimi," wakatazamana, hakuna aliyepinga, ikawa hivyo.

Tunafua vyuma vya plau, ile ncha inayopasua ardhi, kutokana na springi za malori yaliyokufa. Unajua mwenyewe tangu vita viishe vyuma vya kiwandani havijaonekana huku. Watu wanalima na visiki vya chuma. Ungedhani vyetu vitagombaniwa. Thubutu! Mkulima anakishika, anakigonga kwa ukucha, ananiuliza, "Hiki kina muhuri wa nani?" Namwambia kimefuliwa na Flavian, unamjua, ulicheza kwenye harusi yake. Anakirudisha chini. "Nitangoja cha serikali." Nikamwambia, "Basi iambie serikali ije ikulimie."

Nilimpelekea Adolfu, msimamizi wa duka la kijiji. Akasema yeye hapangi rafuni kitu ambacho hakikuja na lori. Siku hiyo dereva Eustaki alikuwa amepita na lori lake kuchukua mahindi. Nilipakia vile vyuma, nikamwomba alizungushe shule mara moja, nikavishusha mbele ya duka. "Haya, Adolfu, vimekuja na lori." Kijiji kizima kilicheka isipokuwa yeye.

Lakini kicheko hakinunui mkaa. Wewe ni karani wa Shirika la Zana, barua zote za bidhaa zinapita kwenye mashine yako. Niambie, kitu kinafanyaje mpaka watu wakitake? Flavian ananiambia tungoje, watazoea. Mimi kungoja sijui.

Wako,
Stefania, Mama Zenon


Chanji, Sumbawanga,
2 Septemba, 1980

Mama Zenon mpendwa,

Barua yako nimeisoma jikoni nikaunguza maharage. Hilo la kuzungusha lori nimemsimulia mume wangu Asajile akacheka mpaka akakohoa.

Umeniuliza swali, nami nitakujibu kwa habari za mama yangu. Kwetu Tukuyu alikuwa akikaa barabarani na mikungu ya ndizi. Kila mwenye ndizi alikuwa amekaa hapo hapo, na kila mpita njia alikuwa na ndizi zake nyumbani. Alirudi nazo jioni zikiwa zimeiva mno. Siku moja akaacha kukaa barabarani, akaenda kumtafuta mpishi wa shule ya bweni. Alimpelekea mkungu mmoja, akamwambia, "Wapikie, wakikataa nitauchukua." Yule mpishi mmoja alikula shamba letu zima, na walimu wakaanza kutuma watu nyumbani kuuliza ndizi za Mama Atusaye.

Mama Zenon, watu hawanunui kitu. Wananunua mdomo wa aliyewaambia. Wewe unampigia kelele mkulima mmoja mmoja, na mkulima anamwangalia jirani yake kwanza. Tafuta mpishi wako. Tafuta mtu ambaye watu wanamtazama, ambaye akishika chuma chako wengine watataka kukishika. Tena mtafute mwenye shida yake, ambayo wewe unaweza kuiondoa. Asiye na shida atakuweka mlangoni.

Halafu niletee chuma kimoja. Asajile, kama unavyojua, ni afisa mauzo wa Shirika. Maghala yao yana panya tu. Nitamwekea mezani akionyeshe kwa wakubwa.

Ndaga fijo, asante sana, kwa salamu za watoto.

Atusaye


Kantete,
6 Oktoba, 1980

Mama Suma,

Eustaki amekuletea chuma, umekipata? Nami nimepata mpishi. Nimepata wawili.

Wa kwanza ni Sista Bertilla, msimamizi wa shamba la misheni, lile lililo kando ya barabara kuu ambapo kila aendaye mnadani lazima apite. Nilimpa vyuma bila bei. "Limia vyote. Kikipinda kimoja nitakula kiapo mbele yako kuwa sisi si wahunzi." Ng'ombe wake wanakatua ardhi kavu, ngumu kama sakafu, na watu wanasimama kutazama. Jumapili baada ya misa watu wanne, mmoja wao yule wa kungoja cha serikali, walikuja kwetu moja kwa moja. Sikumkumbusha maneno yake. Nilitamani sana.

Wa pili ndiye aliyetutoa jasho. Niliteremka Wampembe na Eustaki kutafuta samaki wa kuuza huku juu, nikamkuta fundi wa mitumbwi, mzee anaitwa Oswaldi. Mitumbwi yake ipo mchangani imebaki mbavu tu. Nilipomwonyesha chuma cha plau alinitazama kama mtu aliyempelekea samaki mwamvuli. "Shikamoo umeshanipa, mama. Sasa niambie nitalima nini humu ziwani? Mimi nataka misumari. Niletee misumari inayoshika mbao nikuletee ziwa zima."

Nilipomfikishia Flavian alikataa. "Sisi ni wahunzi wa ardhi. Babu zetu walifua majembe." Nikamwuliza kama babu zake walikuwa na springi za lori. Kesho yake nikasikia nyundo inagonga mlio mwembamba. Alikuwa anafua msumari.

Ya kwanza ilikuwa migumu mno, ilipasua mbao. Mzee Oswaldi alituma Eustaki airudishe na ujumbe: "Huu ni mkuki." Tukalainisha. Ya pili akaipigilia ubaoni, akaning'inia yeye mwenyewe na mwanawe, haikutoka. Sasa kila fundi wa pwani ile anaulizia misumari ya Kantete, nami sijamsemesha hata mmoja wao. Mdomo ni wa Oswaldi.

Yeye anatulipa migebuka mikavu. Samaki wanapanda, mkulima anakuja kwetu kwa ajili ya samaki, anaona vyuma, anaondoka na vyote. Gari la Eustaki haliendi tupu wala halirudi tupu, kwa hiyo anatubeba kwa bei ya kindugu. Mama yako angekuwa hapa ningempikia.

Stefania


Chanji,
3 Novemba, 1980

Mama Zenon,

Kaa chini usome hii. Chuma chako kimezunguka ofisi nzima. Meneja amekishika kwa mikono miwili. Shirika linataka kununua vyote mtakavyofua, vyote kabisa, kuanzia msimu huu! Litawaletea springi na mkaa, na lori litakuja mpaka mlangoni kwenu. Wakulima wa mkoa mzima watalimia vyuma vyenu. Mkataba nimeupiga chapa mwenyewe.

Yapo masharti, na Asajile atakuja kuyaeleza kwa mdomo wake. Muhuri utakuwa wa Shirika. Na kikundi hakitamwuzia mtu mwingine. Hilo la pili nililipiga chapa polepole, nitakuambia ukweli, lakini ndivyo mikataba mikubwa ilivyo. Fikiri ni wangapi wanaomba nafasi hii.

Mpokee vizuri, dada yangu. Kwetu jambo hili lina maana kubwa kuliko ninavyoweza kuandika.

Atusaye


Kantete,
28 Novemba, 1980

Mama Suma,

Utakuwa umekwisha kusikia, ila nataka usikie na upande wangu.

Tulimpokea vizuri. Alikula kuku, akanawa, akaomba mkutano, na wanakijiji wakaja wote. Alisema vizuri pia. Mumeo anajua kusema. "Shirika litachukua vyote. Hamtahangaika tena na kuuza."

Nikamwuliza, "Na Wampembe?"

"Wampembe watanunua kwetu."

"Misumari mtawapelekea lini?"

"Misumari haimo kwenye mpango wa mwaka huu. Mpango ukipita, itaingizwa."

"Na samaki?"

"Shirika halishughuliki na samaki, Mama Zenon."

Nikasema, "Shemeji, hapo unanunua mikono yetu na kutukata miguu. Ninyi mkikosa petroli, mkibadilisha meneja, mpango usipopita, sisi tutamwuzia nani? Mzee Oswaldi atakuwa ameshatusahau, na Sista Bertilla atakuwa analimia kitu kingine. Njooni muwe mmoja wa wanunuzi wetu. Mtapata kwa bei ile ile wanayopata wao."

Akauliza, "Mnajua ni nani mnamkataa?"

"Tunajua. Ni mteja."

Hapo ndipo watoto wa shule waliokuwa dirishani walipocheka. Sikuwatuma.

Akamgeukia Flavian, akidhani mwanamume mwenzake atakuwa mlaini. Flavian unamjua, maneno yake ni ya kuhesabu. Aliuliza tu, "Chuma kikivunjika chenye muhuri wa Shirika, mkulima atamtafuta nani?"

"Shirika."

"Mimi nataka anitafute mimi."

Wenzake wakainuka, mkutano ukaisha hivyo. Redioni kila siku wanatuambia tujitegemee. Tumejaribu, na yanatuendea vizuri. Nakuomba usichukie. Bado mlango uko wazi kwa Shirika kuja kama mnunuzi.

Ijumaa ya kwanza baada ya Mwaka Mpya tunateremka Wampembe na mzigo mkubwa kuliko yote, misumari ya mitumbwi mipya pamoja na maharage ya Mzee Oswaldi. Safari hii Flavian atakwenda mwenyewe. Utuombee barabara, mvua zimeanza.

Stefania


Chanji,
10 Desemba, 1980

Stefania,

Barua yako imefika.

Sikukuomba umkubalie. Akili yako naijua, na huenda ningekuwa Kantete ningesema ulivyosema. Lakini ulimkatalia mume wangu mkutanoni, mbele ya wazee na watoto wa shule, mtu aliyekula kuku wako. Ungeweza kumkatalia ndani ya nyumba. Kwetu mgeni anakataliwa faragha, na nadhani hata kwenu Ufipani.

Kuna mambo ya nyumba hii usiyoyajua, na sitayaandika.

Krismasi njema kwa watoto.

Atusaye Mwankusye


Kantete,
8 Januari, 1981

Kwa Atusaye Mwankusye,

Flavian yuko ndani.

Ijumaa walituwekea kizuizi kwenye mteremko, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kizuizi. Mgambo walimwita Flavian kwa jina kabla hajateremka. Walijua gunia lipi lina misumari. Lori la Eustaki wameliachia, mzigo wameubakiza. Wanasema tunafanya biashara bila kibali na kwamba kubadilishana samaki ni ulanguzi. Ulanguzi! Mtu ambaye mikono yake imeungua mpaka viwiko, ambaye hajawahi kuficha hata debe la chumvi, leo analala na wezi wa ng'ombe.

Nimejiuliza ni nani aliyejua siku. Kantete nzima tulijua mzigo unakwenda, lakini siku ya kwenda tuliijua sisi wanakikundi na Eustaki. Na wewe. Niliiandika kwa mkono wangu nikakutumia.

Kama kosa langu ni kumwita mumeo mteja, ungenitukana. Ungekuja hapa ukanipiga makofi mbele ya watoto hao hao wa shule, ningekushukuru. Flavian alikukosea nini?

Wanakijiji wameanza. Adolfu anasema nikatie sahihi ule mkataba haraka, mume wangu atoke. Jana alileta na kalamu. Nilimwambia aitumie kuandika bei za vitu ambavyo havimo dukani mwake.

Sitatia sahihi. Waambie hivyo hapo ofisini, kwa kuwa habari zinasafiri vizuri kupitia nyumba yako. Moto hatukuuzima. Mdogo wake Flavian anafua, na mimi ndiye ninayevuta mvukuto.

Stefania


Chanji,
15 Januari, 1981

Stefania,

Usiniulize ni nani aliyeisoma barua yako ikiwa kwenye kikapu changu cha kushonea. Unajua, nami najua, na ninaishi naye. Niulize nitafanya nini.

Kesi itasikilizwa Jumatatu ya tarehe 26. Kabla ya hapo tuma mtu Wampembe, na mwingine misheni. Usiende mahakamani na machozi ya mke wa mshtakiwa, wameyazoea. Siku zote umekuwa ukiniandikia habari za wale ulioshikana nao. Sasa ndiyo siku ya kujua kama una washirika au una wanunuzi tu.

Sina la kuongeza.

Atusaye


Kantete,
4 Februari, 1981

Mama Suma,

Pale nje ya mahakama nilikushika mkono, na kabla sijasema kitu lori ulilopanda likaondoka. Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi mwanzo hadi mwisho, ukurasa mzima wa kulia. Nimeitia kwenye moto wa mkaa kwa sababu najua ungeniambia niache upuuzi. Basi neno ni moja: nisamehe. Nilikudhania vibaya.

Wewe ulichelewa kufika, acha nikusimulie yaliyotangulia. Hakimu alipouliza mashahidi wa mshtakiwa ni akina nani, nilikuwa mimi tu kwenye benchi. Nilisikia mtu nyuma yangu anaguna. Ndipo Mzee Oswaldi alipoingia na wenzake watatu, wamepanda ule mlima wote kwa miguu kwenye mvua, matope mpaka magotini, amebeba begani ubao uliopigiliwa misumari yetu. Karani akamzuia, akamwambia ubao ubaki nje. Mzee akajibu, "Ubao ndio shahidi, mimi nimeusindikiza."

Hakimu akamwuliza, "Wewe ni nani wake mshtakiwa?"

"Mheshimiwa, huyu ndiye anayenizuia nisizame."

Akaeleza kwamba miaka miwili pwani yao haikupata msumari hata mmoja, kwamba watu walishona mbao kwa kamba, na kwamba wamo waliozama. Alisema polepole na hakuna aliyemkatiza. Kisha Sista Bertilla akasimama, mfupi vile vile, miwani imefungwa kwa uzi. "Shamba la misheni limelimwa na vyuma hivi. Kama ni haramu, mahindi yote yale ni haramu, na yamefika magotini. Njooni muyang'oe." Hata askari aling'ata mdomo.

Nikadhani tumemaliza. Mwendesha mashtaka akasema hayo yote mema, lakini kibali kiko wapi, na ukiacha halmashauri ya kijiji chao, ni nani serikalini aliyewahi kuwatambua watu hawa kuwa wahunzi? Hakimu akachukua kalamu. Ndipo nikasikia sauti yako.

Uliposema, "Mimi ni karani wa Shirika la Zana, mkataba niliupiga chapa mwenyewe," ulikuwa umempa mgongo mumeo, aliyeketi na watu wa Shirika. Mimi nilikuwa namtazama. Uliposema kwamba Shirika liliomba kununua kila kitu cha Kantete, na kwamba kama hawa ni walanguzi basi Shirika lilikuwa linatafuta kununua kwa walanguzi, alivua saa yake mkononi, akaitazama, akaivaa tena. Hakuwa na hasira usoni, Mama Suma. Alionekana mtu aliyechoka. Nimeona nikuambie kwa sababu wewe hukuweza kumwona.

Hakimu alisema kikundi kilichoandikishwa na kijiji kina haki ya kuuza mazao ya mikono yake, akamwachia Flavian. Kibali tumeambiwa tukichukue wilayani, na tumekichukua. Mzigo wamerudisha. Maharage ya Mzee Oswaldi yalikuwa yameota ndani ya gunia pale uani kwa mvua, tukayapanda.

Flavian amekonda. Siku aliyorudi hakuingia ndani, alikwenda kwanza kibandani, akaokota misumari aliyofua mdogo wake wakati yeye hayupo, akaitupa mmoja mmoja. "Huu mkuki. Huu mkuki. Huu mkuki." Nikajua amepona.

Sasa niambie ya kwako. Wamekufukuza? Asajile anakusemesha? Kitanda cha huku kipo, na blanketi safari hii nitakuachia.

Shirika limemtuma tena mtu, kijana mwenye adabu, anauliza kama tuna neno jipya. Wakulima wanawasumbua madirishani wakitaka chuma cha Kantete. Tumekaa mkutano wote. Jibu tutalituma kwa posta ili liandikishwe.

Stefania


Wahunzi wa Kantete,
20 Februari, 1981

Kwa Ndugu Meneja,
Shirika la Zana,
Sumbawanga.

Ndugu,

YAH: KUUZIANA VYUMA VYA PLAU

Tumepokea salamu zako kupitia mjumbe wako, na tumefurahi kusikia kwamba wakulima wanavitaka vyuma vyetu. Sisi hatujawahi kukataa kuwauzia. Tulikataa kuwauzia ninyi peke yenu, na hapo bado tupo.

Mtapata theluthi moja ya vyuma tutakavyofua kila mwezi, kwa bei wanayonunua misheni na watu wengine, bila kupunguza wala kuongeza. Misumari ni ya Wampembe kwanza, mtapata itakayobaki. Lori lenu likija kuchukua vyuma lilete springi, kwa maana gari tupu ni hasara kwa wote wawili. Msipokuja miezi miwili, theluthi yenu tutawapa wengine na hatutawanung'unikia.

Alama itakayopigwa kwenye chuma ni herufi K, nayo haitafutwa wala kufunikwa. Kikivunjika, mkulima amrudie aliyekifua. Barabara ya kuja kwetu anaijua.

Mkiona masharti haya ni magumu, ng'ombe wa misheni bado wanalima kando ya barabara. Piteni mwangalie.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Flavian, Mwenyekiti
Stefania, Muuzaji


Chanji,
22 Machi, 1981

Mama Zenon wangu,

Nilikuwepo barua yenu ilipofunguliwa. Baada ya kesi walinitoa kwenye mashine wakanikalisha masjala, nibandike stempu, kwa hiyo ilipita mikononi mwangu kwanza. Meneja aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena amekaa. Kisha akasema kwa sauti, "Hawa watu wanadhani wao ni nani?" Karani mwenzangu akachungulia karatasi akamjibu, "Wameandika hapo chini, Mzee."

Amekubali. Hakupenda, lakini msimu wa kulima ulio mbele anauona, na ghala analijua. Lori litakuja kwenu wiki ya kwanza ya Aprili, na springi zimo. Nilizihesabu kwenye orodha ya mzigo. Hilo lilikuwa jambo langu la mwisho pale. Kesho yake niliandika barua ya kuacha kazi, nikaipiga chapa kwa mashine yao na karatasi yao.

Usiogope. Akina mama wa Chanji tumefungua duka la ushirika, karibu na mashine ya kusaga. Wamenichagua msimamizi. Nilipoulizwa tutauza nini wakati mjini hakuna sabuni wala kitenge, nilisema samaki wa Wampembe na vyuma vya Kantete. Kulikuwa na mmoja aliyeguna, mke wa mwalimu, akasema vyuma si kazi ya wanawake. Nikamwuliza nyumba ngapi hapa Chanji zina shamba nje ya mji, na ni nani anayeshinda huko. Sasa ndiye mtunza hazina wetu. Kwa hiyo andika jina letu miongoni mwa wanunuzi, na bei iwe ile ile ya misheni, sitaki upendeleo. Nataka tu mzigo usichelewe.

Sasa lile ulilouliza. Asajile alikuwa ameahidi wakubwa wake vyuma kabla hajafika Kantete. Alishawaambia vipo. Nyumba tunayokaa ni ya kazi, na cheo alichokuwa anangojea kilitegemea ahadi hiyo. Ndiyo mambo niliyokataa kukuandikia mwezi wa Desemba. Niliona aibu, yake na yangu. Nilijua anaogopa, ila sikujua mtu mwenye hofu anaweza kufika mpaka kuwawekea watu kizuizi barabarani.

Wamemhamishia Mpanda. Ameondoka juzi. Hatukugombana. Alipanga masanduku yake vizuri kama anavyopanga kila kitu, akanisubiri nipange ya kwangu. Nikamwambia Suma yuko darasani, na nyumba ya kupanga nimekwisha kupata huku huku Chanji. Hakuamini mpaka dereva alipowasha gari. Alishuka tena akaja mlangoni.

"Atusaye, utaishi vipi peke yako ugenini?"

Nikamwambia, "Ugenini ni huko unakokwenda wewe. Mimi hapa nina wateja wananingoja."

Wako,
Atusaye, Mama Suma
Msimamizi, Duka la Akina Mama, Chanji